Sita Iliyopinduliwa

Usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi
mimi ndiye napanda ngazi.
Tungaraza ameishika chini, simu kaibana menoni,
mwanga wake unanimulika visigino.
Kituo chetu kipo Igoma, mkono wa kushoto ukielekea Kisesa.
Ubao si wa umeme kama wa jirani;
ni wa vibati, tarakimu mojamoja,
kila kibati na msumari wake katikati.
Tisa yetu ilichukuliwa na upepo wa Machi,
tukaikuta imeziba tundu kwenye banda la kuku la mtu.
Tangu hapo tisa yangu ni sita iliyopinduliwa.

Naigeuza. Petroli imepanda mia tatu.
Mji umelala, haujui kuwa umeshapungukiwa.

Kidato cha pili mwalimu Lugembe alitukaririsha:
Marekani, Saudia, Urusi,
Kanada, Iraki, Uchina,
Imarati, Irani, Brazili, Kuwaiti.
Nilipata kumi kwa kumi, nikapewa daftari.
Sikujua nakariri majina ya watu
watakaokuja kunishika mkono gizani,
juu ya ngazi.

Kuna jambo limenichukua miaka kulielewa.
Hapa ziwani anayevua sana ndiye tajiri.
Kule, mwenye nguvu ni yule awezaye kuacha kuvua
na njaa ikawauma wengine.
Na Marekani, achimbaye kuliko wote, bado anaagiza,
kama mwenye ng'ombe mia
anayetuma mtoto dukani akalete maziwa.

Wanaketi mahali, chupa za maji mbele yao.
Mmoja anasema: tupunguze mapipa.
Hasemi Igombe. Ataijulia wapi?
Neno lake linapanda meli,
linasubiri zamu bandarini Dar es Salaam,
linapanda lori, linapumzika Shinyanga,
linanifikia limechoka,
limebaki tarakimu.

Saa kumi na moja alfajiri Mama Nyanjige amefika,
dumu la njano, kibali cha dumu ndani ya mfuko wa plastiki.
Anasoma ubao. Hasalimii.
"Kalekwa, nani wamegombana safari hii?"
Nasema, kuna mlango wa bahari, mwembamba,
meli zinaogopa kupita.
"Na mimi mlango huo nimeufunga lini?"

Huweka lita arobaini. Leo thelathini.
Zile kumi ndizo zilizokuwa zinaivusha injini
mpaka penye dagaa wanene, na kurudi.
Basi vijana wake watawasha taa karibu,
watavua wadogo, wenye mchanga,
na jioni pale Mwaloni Kirumba
sado ya dagaa itakuwa imeijua habari ya Ghuba
kabla ya redio.

Anauliza pia habari za bomba.
Namwambia lipo, la kutoka Hoima hadi Tanga,
linalizunguka ziwa kwa nyuma, njia ya Geita,
na mafuta yake ni mazito, huganda kama samli,
lazima yapashwe moto njiani.
"Yapashwe moto," anasema, anafunga kifuniko,
"na sisi tunaonja lini?"
Sina jibu. Nampa chenji.
Akifika barabarani anageuka:
"Ile tisa, si ni wewe uliyeipindua?
Ipindue tena basi!"
Tukacheka, wote wawili. Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

Saa tisa alasiri upepo wa ziwa ukaja na vumbi lake.
Sikuona ilivyotokea.
Niliona bodaboda wanakata kona,
niliona foleni, honi, mtu na ndoo,
nikainua macho:
sita imesimama kwa miguu yake,
inang'aa, haina wasiwasi wowote.

Mita ya pampu, bila shaka, haikujua.
Watu walilipa bei ya usiku, wakanitukana mimi.
Tungaraza akapiga kelele toka ofisini,
"Kalekwa! Ngazi!"

Ngazi iko nyuma ya tangi.
Nikaifuata
taratibu.